Zoom, Meet au WhatsApp? Biashara ndogo ya Lamu ichague vipi

Mwenye nyumba ya wageni Shela, wakala wa majahazi, fundi wa milango ya nakshi Langoni, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mokowe: wote siku hizi huambiwa na wateja, "tuonane kwa video." Swali linalofuata huwa lile lile, programu gani ni nzuri? Likiulizwa hivyo halina jibu, maana programu zenyewe zimekaribiana mno. Zote hupeleka sauti na sura, zote huonyesha skrini, zote zina toleo la bure. Kinachovunja mkutano Lamu mara nyingi hakimo ndani ya programu. Angalia kwanza nani yuko upande wa pili, kisha laini yako inapandisha data kwa kasi gani, kisha umekaa wapi unapozungumza. Jina la programu huja baada ya hayo.

Aliye upande wa pili

Kampuni ya utalii ya Ulaya au shirika la Nairobi likikutumia mwaliko wa Teams, programu ya mikutano ya Microsoft, usijibu "tutumie WhatsApp." Kampuni nyingi kubwa huwazuia wafanyakazi kuweka programu nyingine kwenye kompyuta za kazi, na yule unayeandikiana naye hana uwezo wa kubadilisha hilo. Wewe huna haja ya kununua chochote, kwa sababu mwalikwa wa Teams, Zoom au Meet huingia bure. Kwenye kompyuta utaingilia kwenye kivinjari tu. Kwenye simu, pakua programu siku moja kabla, uifungue, uipe ruhusa ya kamera na maikrofoni, na uandike jina la biashara mahali pa jina lako. Anayeipakua dakika tano kabla huibonyeza "kataa" kwa haraka pale simu inapoomba ruhusa ya maikrofoni, kisha mkutano mzima anaonekana midomo ikicheza na hakuna anayemsikia.

Uchaguzi wako basi unabaki kwenye mikutano unayoiitisha mwenyewe. Mteja mmoja anayetaka kuona chumba au kukagua kazi, WhatsApp inatosha na mara nyingi ndiyo bora: tayari anayo, hatafuti kiungo, hafungui akaunti, na mazungumzo yamefungwa kwa usimbaji tangu simu yako hadi yake. Inachukua hadi watu 32 kwa wakati mmoja na haikati mazungumzo kwa saa. Udhaifu wake ni kwamba imefungwa kwenye namba ya simu. Mfanyakazi wa mapokezi aliyekuwa akiongea na wateja kwa namba yake mwenyewe, akiacha kazi ataondoka na wateja hao wote. Nunua laini ya biashara, ibaki ofisini.

Watu wakizidi watatu, au mmoja wao yuko kwenye kompyuta ya kazi, hapo kiungo kinachofunguka kwenye kivinjari ni rahisi zaidi. Ndiyo kazi ya Meet, Zoom na Jitsi.

Sasa mipaka ya bure. Zoom hukata mkutano dakika ya 40, na tangu Mei 2022 hukata hata mkiwa wawili tu. Mwisho ni watu 100. Google Meet huwapa watu watatu au zaidi dakika 60, nao pia hadi 100, lakini wawili wanaweza kuongea hadi saa 24. Teams ya bure ni dakika 60 na watu 100. Jitsi Meet ni programu huria na huduma yake ya meet.jit.si haitozi, ila tangu Agosti 2023 anayefungua chumba lazima aingie kwanza kwa akaunti kama ya Google. Wageni wake hawahitaji akaunti. Na kama tovuti yako au kadi yako ya biashara bado ina jina la Skype, lifute: huduma hiyo ilifungwa Mei 2025, na mteja anayelitafuta atadhani umefunga biashara.

Hizo dakika 40 si ndogo wala si nyingi, inategemea unazitumiaje. Kikao cha maulizo kinaenea humo. Kinachoumiza ni kukatwa pale mmeshamaliza kusifiana na mnaingia kwenye bei na arubuni. Ukitumia Zoom ya bure, yaweke mambo ya pesa dakika ya 20, na mwambie mteja tangu mwanzo kuwa mkutano unaweza kukatika, nanyi mtaungana tena.

Hesabu ya data

Kanuni moja ya hesabu itakuepusha na bando kuisha katikati: kila megabiti moja kwa sekunde, ikitembea saa nzima, ni megabaiti 450. Zoom wenyewe hutaja kwamba video ya kawaida ya kundi inahitaji megabiti 1 kupandisha na kilobiti 600 kushusha. Jumla megabiti 1.6, yaani takriban megabaiti 720 kwa saa. Video kali ya 720p inataka 2.6 kupandisha na 1.8 kushusha, hapo unakaribia gigabaiti 2 kwa saa. Sauti peke yake ni kilobiti 60 hadi 80 kila upande, na hata ukichukua hiyo 80 hufikii megabaiti 75 kwa saa nzima. Kwa maneno mengine, kamera ikiwashwa unalipa mara kumi ya sauti.

Angalia tena hesabu hiyo utaona jambo ambalo wengi hawalitazami: kupandisha. Bando na matangazo ya intaneti hutaja kasi ya kushusha, kwa sababu watu wengi hushusha tu, wanatazama filamu na kusoma. Mkutano unataka njia mbili. Laini inayoshusha megabiti 15 na kupandisha nusu megabiti itakuonyesha mteja akiwa safi kama kioo, naye anakuona umeganda mdomo wazi. Wewe huoni kosa lolote, kwa hiyo unalaumu simu yake.

Pima hivi. Fungua fast.com kwenye simu au kompyuta utakayotumia, kwenye kiti utakachokalia, saa ile ile ya mkutano. Namba kubwa ya kwanza ni ya kushusha. Bonyeza sehemu ya kuonyesha zaidi, uone ya kupandisha na ile ya kuchelewa inayohesabiwa kwa milisekunde. Rudia mara tatu. Ukipata kupandisha chini ya megabiti 1, panga mkutano wa sauti na kuonyesha skrini, kamera ifunguliwe kwa salamu tu. Kuonyesha skrini bila sura za watu hula kilobiti 50 hadi 75 tu, kwa hiyo unaweza kumpitisha mteja kwenye orodha ya bei au ramani ya safari hata kwenye laini dhaifu. Nyumba ya wageni ipime usiku, wageni wakiwa wamerudi na kila mmoja anatazama filamu kwenye waifai ile ile. Kipimo cha asubuhi hakitakusaidia.

Kuchelewa ni jambo jingine, na kasi kubwa haikuponyi nalo. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili. Ikizidi sana, watu huanza kukatizana: unanyamaza kumngojea, naye anakungojea, kisha mnasema pamoja. Setilaiti za zamani zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta haziwezi kushinda hilo, kwani mawimbi kupanda na kushuka tu ni karibu robo ya sekunde. Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, hutumia setilaiti za kilomita 550 hivi, na ndiyo maana sauti yake hukaa vizuri kwenye visiwa na fukwe ambako faiba haijafika.

Na kuna safari ambayo mtumiaji haioni. Mwenye hoteli Shela na mhasibu wake Malindi wakikutana kwenye mkutano wa watu watatu wanne, sauti haiendi moja kwa moja kati yao. Hupelekwa kwenye seva ya kampuni, ambayo yaweza kuwa Ulaya, kisha hurudishwa. Njia ni ya kushuka Mombasa, kuingia nyaya za baharini kama SEACOM, TEAMS (waya huu si ile programu ya Teams) au EASSy, na kurudi. Mwanga ndani ya faiba huenda kilomita 1,000 kwa milisekunde 5, kwa hiyo umbali wenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni waya ukikatika. Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika pamoja karibu na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima intaneti ikawa nzito kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo mazungumzo ya watu wawili kwa Jitsi yanaweza kuponea, kwa kuwa wakiwa wawili programu hiyo hujaribu kuwaunganisha moja kwa moja bila kupitia seva. Kuwa na laini za kampuni mbili za simu kunasaidia mnara mmoja ukizima. Waya wa baharini ukikatika huenda zote mbili zikayumba, maana zinapita njia zinazokaribiana.

Nyumba ya mawe

Hapa ndipo Lamu inapotofautiana na miji mingine, na ushauri mwingi ulioandikwa kwingine haufai. Ukuta wa matumbawe na chokaa wenye unene wa karibu nusu mita hunyonya mawimbi ya waifai. Rauta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya 5. Yale ya 5 yana kasi lakini yanakufa haraka ukutani, ya 2.4 yanapenya zaidi, ila yana msongamano kwa sababu kila nyumba ya mtaa inayatumia. Simu iliyoko ndani kabisa ya nyumba huonyesha vijiti viwili vya waifai na mmiliki anaridhika, kumbe data inapita kwa kudondoka.

Iweke rauta mahali nyumba ilipo wazi. Katika nyumba ya Kiamu hapo ni kiwanda, yaani ua wa ndani, au msana wa yuu, ule ukumbi mrefu wa juu, si tekani, yaani kipito cha kuingilia karibu na mlango ambako fundi huiacha kwa kuwa ndiko waya ulikoingilia. Kisha kaa wewe kwenye msana unaotazama kiwanda hicho hicho, rauta uione kwa macho. Ikiwa ofisi lazima iwe chumba cha ndani, usinunue kirudishi cha waifai cha bei rahisi: hicho hupokea mawimbi dhaifu na kuyasambaza yakiwa vile vile dhaifu, na hukata kasi kwa sababu hutumia redio moja kupokea na kutuma. Vuta kebo ya mtandao ya Cat 5e au Cat 6 kupitia dirishani. Inafika hadi mita 100 bila kupoteza kitu, na hakuna nyumba Mkomani yenye urefu huo. Vichwa vyake vikae mbali na hewa ya chumvi. Kikianza kutu ya kijani kwenye shaba, mtandao utakatika na kurudi kila dakika na utafikiri ni kampuni. Kata kichwa, fungia kipya.

Chokaa laini pia hurudisha mwangwi. Sauti ikigonga ukuta mtupu inarudi kwenye maikrofoni, na mteja anakusikia kama uko kisimani. Tandika mkeka au zulia, tundika kanga mbili tatu nyuma ya skrini, kaa karibu na kitanda chenye mapazia. Dawa kubwa kuliko zote ni vipokea sauti vyenye waya na maikrofoni yake, ambavyo ni bei ya mlo mmoja. Huleta maikrofoni hadi karibu na mdomo, na huzuia sauti ya spika isiingie tena kwenye maikrofoni. Biashara ikiwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu, inunue hicho kabla ya kamera yoyote. Sura ikiganda watu huendelea kuongea. Sauti ikikatika mkutano umekwisha.

Juu darini chini ya makuti pana mandhari nzuri, lakini miezi ya kusi upepo hupiga maikrofoni na kufunika maneno. Mwonyeshe mteja bahari kwa dakika moja, kisha shuka ukaongee biashara. Na usipange mkutano ukapita juu ya adhana. Misikiti ya mji iko karibu karibu, vipaza sauti ni vingi, na mteja aliyeko mbali atasikia hiyo tu. Isitoshe, nusu ya wafanyakazi wako watahitaji kwenda. Ijumaa, mchana wote wa saa sita hadi saa nane uache.

Kumwonyesha mteja kitu

Tuseme fundi wa Langoni anamwonyesha mteja wa Nairobi mlango wa mvule uliokwisha kuchongwa. Anashika simu, anaupitisha mlango haraka kutoka juu hadi chini, na mteja anaona matofali matofali ya rangi ya kahawia. Sababu ni namna video inavyobanwa: programu haitumi picha nzima kila wakati, hutuma kile kilichobadilika tangu picha iliyopita. Kamera ikisogea, kila kitu kimebadilika, na data ya kutuma huzidi njia iliyopo, basi programu inashusha ubora. Akisimama tuli sekunde tatu, nakshi inajitokeza. Kwa hiyo afute kwanza kioo cha kamera, maana hewa ya bahari huacha ukungu wa chumvi. Atumie kamera ya nyuma. Mwanga uwe mgongoni kwake si nyuma ya mlango. Aende hatua moja, asimame, ahesabu tatu, aende tena. Bawaba, maungio na mahali pa komeo azipige picha za kawaida na kuzituma kando. Video ni ya kujenga imani, picha ndiyo ya kukagulia kazi.

Umeme, na saa

Rauta nyingi hutumia volti 12 na hazizidi wati 12. Betri ndogo ya rauta iliyoandikwa mAh 10,000 hubeba takriban wati-saa 37, na baada ya upotevu wa ndani hubaki kama 31: saa mbili na nusu, pengine zaidi. Inatosha mkutano. Kosa linalojirudia ni kuiunga rauta peke yake na kukisahau kile kisanduku kidogo cha faiba ukutani. Umeme ukikatika waifai inabaki inawaka na intaneti haipo. Vyote viwili viwe kwenye betri. Soma pia lebo chini ya kila kimoja, kwani rauta ya volti 9 ukiipa 12 unaweza kuiunguza.

Saa ni ndogo kusema lakini imevuruga miadi mingi. "Saa nane" ya Amu ni 14:00 kwa mgeni, na akiandikiwa "8" atafika asubuhi au usiku. Andika kwenye mwaliko kwa saa 24 na utaje kuwa ni saa za Afrika Mashariki, au tuma mwaliko wa kalenda ambao hugeuza saa wenyewe. Kenya haibadilishi saa, Ulaya hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Saa nne asubuhi yako ni 9:00 kwa mteja wa Italia kiangazi, na 8:00 kipupwe. Kikao cha kila wiki ulichokipanga Septemba, Novemba kitakuwa kimesogea.

Milango na sheria

Kila mkutano wa kiungo uwe na nywila na chumba cha kusubiri. Mwaka 2020 watu wasioalikwa waliingia mikutano ya wengine kwa wingi hadi Zoom, Aprili mwaka huo, wakawasha vyote viwili kama mpangilio wa kawaida. Usivizime kwa sababu mteja mmoja amelalamika. Ukionyesha skrini, onyesha dirisha moja badala ya skrini nzima. Ujumbe wa malipo ya mteja mwingine ukiruka juu, jina lake, namba yake na kiasi vimeonekana.

Kurekodi ni lazima useme kabla na upate idhini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaihesabu sura na sauti ya mtu kuwa taarifa zake binafsi. Biashara ndogo yenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 husamehewa kujisajili na Kamishna wa Data, lakini kanuni za 2021 zinazitoa sekta kadhaa kwenye msamaha huo, zikiwemo hoteli na nyumba za wageni, na wauzaji wa ardhi. Waongoza watalii hawamo kwenye orodha ya sekta hizo. Wengi Lamu wako kwenye sekta zisizosamehewa bila kujua.

Kulipia lini

Lipia pale dakika zinapokukata kila wiki, au unapohitaji rekodi za mafunzo ya wafanyakazi. Zoom ya bure hurekodi kwenye kompyuta lakini si kwenye simu. Meet ya bure hairekodi kabisa, wala kifurushi cha chini cha Google Workspace hakirekodi. Hicho hata hivyo huondoa kikomo cha dakika 60 na kinakuja na barua pepe ya jina la biashara yako, kwa hiyo kama barua pepe hiyo unaihitaji, usilipie na Zoom juu yake. Leseni ni ya anayeitisha, si ya kila anayehudhuria. Biashara ya watu wanane wanaoita mikutano kwa zamu inaweza kuishi na leseni moja kwenye akaunti ya ofisi, mradi mikutano miwili isigongane.

Bei hutajwa kwa dola, na huduma za kidijitali za nje hutozwa VAT ya asilimia 16. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi pepe ya M-PESA GlobalPay. Anza na malipo ya mwezi. Bei ya mwaka ni nafuu ukigawanya, lakini hoteli inayofunga Mei na Juni inalipia miezi isiyoitumia.

Kabla ya kuamua, fanya jaribio la dakika 15 na mtu aliye nje ya mji, kwa programu mbili, saa ile ile ya kazi. Mwulize akuambie anasikiaje, usimwulize anaonaje. Katikati, zima waifai uhamie data ya simu, utazame programu ipi inarudi yenyewe na ipi inakutoa nje. Wafundishe wafanyakazi mpangilio wa kurudi nyuma laini ikilegea: zima kamera yako, kisha zima kupokea sura za wengine, kisha acha kuonyesha skrini na tuma faili, kisha toka uite kwa sauti ya WhatsApp. Namba ya simu ya kawaida ya mteja iwe imeandikwa kwenye karatasi mezani kabla hamjaanza, maana laini ikikatika kabisa, barua pepe yenye namba hiyo nayo haitafunguka.